Goba au Chanika? Nenda siku ya mvua

Dada, umesema mnaishi nyumba ya kupanga Tabata, hapa Dar es Salaam, mna milioni 60, na mnashindwa kuchagua nyumba ya kununua kati ya Goba na Chanika. Mimi nilinunua Goba kiangazi, njia ikiwa safi kabisa. Masika ilipofika, gari nililiacha kwa jirani wiki nzima! Kwa hiyo nenda mvua ikinyesha, uone maji yanaelekea wapi. Halafu panda daladala saa kumi na mbili asubuhi, siyo Jumapili.

Dalali akikwambia "lami inakuja", muulize nguzo za umeme na bomba la maji viko wapi leo. Lami yenyewe ina mambo: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Pimeni umbali kutoka barabarani.

Kwa pesa zenu, ningeanza Chanika. Ila msilipe hata arubuni kabla wakili hajafanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, na mwenza wa muuzaji asaini ridhaa. Mjumbe wa mtaa kukugongea muhuri hakutoshi.