Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Kuvuta Mbali kwa Safari ya Hifadhini

SWALI: Ndugu mwandishi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu hapa Lindi. Nina kamera ya Nikon D5300 na lenzi yake ndogo ya milimita 18 hadi 55. Mwezi Agosti nitakwenda na wenzangu Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa siku 2, kwa gari na kwa boti, na ninatamani kupiga picha za tembo, mbwa mwitu na wale ndege keremkerem wa kingo za Mto Rufiji. Nimepata watu wawili wanaouza lenzi zilizotumika: mmoja ana ya 70 hadi 300, mwingine ana ya 150 hadi 600. Rafiki yangu ananishauri nichukue kubwa, kwa kuwa wanyama huwa mbali. Nichukue ipi?

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Rafiki yako amesema kweli, lakini ameisema nusu. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, ambayo ilitengwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ni miombo na vichaka, na penye miti mingi mnyama humwoni kutoka mbali. Unamkuta ghafla, dereva akimaliza kona, amesimama kando ya barabara anakutazama. Ndiyo maana nakuomba uitazame kwanza namba ndogo iliyoandikwa kwenye lenzi, yaani 70 au 150, kabla ya ile kubwa inayowavutia wanunuzi wengi.

Iko hesabu nyepesi ambayo huifanya kila ninapoulizwa swali la aina hii. Sensa ya kamera yako, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 23.5. Zidisha upana huo kwa umbali wa mnyama katika mita, ugawanye kwa urefu wa lenzi katika milimita, yaani ile namba iliyoandikwa juu yake, nawe utapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Tuseme tembo yuko mita 15 kutoka garini. Kwa milimita 150 utapata upana wa mita 2.35 tu, yaani kichwa na masikio, na hapo huna pa kurudi nyuma, kwa sababu nyuma yako pengine lipo gari jingine na wewe huruhusiwi kuiacha barabara. Kwa milimita 70 eneo linafika mita 5, na tembo aliyekuelekea anaingia mzima pamoja na tawi analolikwanyua. Mbwa mwitu aliye umbali wa mita 30, ukimpiga kwa milimita 300, atachukua karibu nusu ya upana wa picha, na hiyo ni picha nzuri kabisa, kwa kuwa mbwa mwitu ni mnyama wa kundi na wenzake nao wanahitaji nafasi.

Kwa keremkerem mambo yanageuka. Ndege huyo ana urefu wa kama sentimita 23, na boti haiwezi kusogea hadi kwenye matundu yake bila kuwatawanya wote. Akiwa mita 20 kutoka kwako, lenzi ya milimita 300 itampa sehemu moja kati ya saba ya upana wa picha. Kamera yako ina pikseli, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha, 6,000 kwa upana, hivyo ukiikata picha umbakize ndege peke yake, atabakiwa na pikseli 900 hivi: anatosha kwa kioo cha simu, hatoshi kwa fremu ya ukutani. Lenzi ya milimita 600 ingempa mara mbili ya hapo. Kama ungeniambia kwamba unakwenda kwa ajili ya ndege tu, ningekuelekeza huko bila kusita.

Hata hivyo umetaja tembo na mbwa mwitu kwanza, na una lenzi moja tu ya kununua. Chukua ya 70 hadi 300. Lenzi za 150 hadi 600 huwa na uzito wa karibu kilo 2, nami nimeona watu wengi wakianza asubuhi kwa hamu kubwa na kufika mchana lenzi imelala mapajani, mkono umechoka, na picha za saa za mwisho zimetikisika. Fedha itakayobaki ongezea siku ya tatu. Alfajiri moja zaidi, jua likiwa chini na wanyama wakiwa bado wanatembea, itakupa picha nyingi kuliko milimita 300 za ziada.

Kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyo kwenye mwili wa lenzi kwa makini sana. Kamera yako haina ndani yake mota ya fokasi, yaani ya kuilenga lenzi ili picha iwe kali, kwa hiyo lenzi lazima iwe na ya kwake. Ikiandikwa AF-S, mota imo. Ikiandikwa AF peke yake, itabidi uzungushe fokasi kwa mkono, na mbwa mwitu anayekimbia hatakusubiri. Tafuta pia herufi VR, ambazo maana yake ni kwamba lenzi ina kifaa cha kupunguza mtikisiko wa mikono. Kisha washa tochi, imulike lenzi kutoka nyuma na uchungulie mbele: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, mrudishie mwenyewe. Na mtu akikuuzia kikuzaji cha mara 2 cha kupachika kati ya kamera na lenzi, kikatae, kwa kuwa kinakula robo tatu ya mwanga na fokasi ya kamera yako haitaweza kufanya kazi katika giza hilo.

Garini usihangaike na stendi ya miguu mitatu. Mpe fundi cherehani kipande cha kaki akushonee mfuko wenye ukubwa wa mto mdogo, ujaze kilo 2 za mbaazi, ambazo Lindi hazijawahi kuwa tatizo kuzipata, uuweke dirishani na ulaze lenzi juu yake. Mbaazi hujipanga na kuishika lenzi kama kiganja. Mwombe dereva azime injini kila mnaposimama. Kwenye boti fanya kinyume: usiegemeze lenzi kwenye ukingo, kwa sababu mtetemo wa mashine hupanda moja kwa moja hadi kwenye picha; ishike mkononi, viwiko vikiwa vimebana mbavu, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, isizidi 1/1000 ya sekunde. Mwanga ukiwa hafifu pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au hata 3200, maana picha yenye chengachenga inasameheka, iliyotikisika haisameheki.

Unao uwanja wa mazoezi mlangoni. Maji yakitoka, yangeyange hushuka kwenye tope la ghuba ya Lindi wakitafuta chakula. Nenda asubuhi ukawafuate kwa lenzi hadi kidole kizoee. Halafu vuka kwenda Kitunda mara mbili tatu ukipiga picha za ndege ukiwa ndani ya chombo kinachoyumba, ili Rufiji isiwe mara yako ya kwanza.

SWALI: Naishi Shangani, Mtwara, karibu na bahari. Lenzi yangu imeanza kuota kuvu ndani ingawa naitunza kabatini, kwenye mkoba wake wa ngozi. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana; nilipoteza lenzi yangu ya kwanza kwa namna hiyohiyo, nikiwa Mikindani. Kabati lisilopitisha hewa na ngozi inayonyonya unyevu ndivyo vinavyoilea kuvu. Lenzi iliyokwisha kuingiwa na kuvu mpelekee fundi wa kamera, usifungue mwenyewe. Nyingine zilizosalia ziweke katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika, yaani punje zinazonyonya unyevu, na zisikae karibu na ile iliyougua. Silika ya rangi ikibadilika, imwage kwenye kikaango kikavu, uipashe kwa moto mdogo hadi rangi irudi, uiache ipoe ndipo uirudishe. Mchele usiutumie, kwa kuwa unga wake huingia kwenye viungo vya lenzi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache lenzi ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa hivi kabla ya kuitumia nje, la sivyo kioo kitajaa ukungu.