Umetoka HKL na umepangiwa takwimu? Baki

Mdogo wangu uliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano na sita, ukaingia chuo kusoma sosholojia, halafu ukakuta takwimu kwenye kozi za mwaka wa pili, haya ni yako. Ulipomaliza kidato cha nne ulimshukuru Mungu kwamba umeachana na hesabu. Miaka miwili ukaandika insha, na sasa mhadhiri anajaza ubao kwa herufi za Kigiriki. Kama kozi ni ya hiari, zile wiki za mwanzo ambazo chuo kinaruhusu kubadilisha utatamani sana kuihama. Usihame.

Mimi nilibaki, na kozi ile imenijenga kuliko nyingi nilizozipenda. Sababu ni hii: kwenye insha, jambo usilolielewa unaweza kulizunguka kwa aya mbili nzuri na alama zikaja. Hesabu haizungukwi. Ukikwama mstari wa tatu, umekwama mstari wa tatu, na unaweza kuuwekea kidole. Kujua hasa ni wapi pamekushinda, na kupataja mbele za watu, ndiyo kazi iliyonikomaza.

Nikupe mfano. Chukua kaya tano zenye watu 2, 4, 4, 5 na 10. Wastani ni 5. Toa wastani kwenye kila namba, unapata -3, -1, -1, 0 na 5. Zipandishe kwa kipeo cha pili, yaani 9, 1, 1, 0 na 25, ujumlishe: 36. Sasa, kama kaya hizo ni sampuli tu, yaani chache zilizochaguliwa kuwakilisha nyingi, kanuni inasema ugawe kwa 4, upate 9, na kipeuo chake cha pili ni 3. Huo ndio mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani.

Lakini kwa nini 4, wakati kaya ni tano? Hapo ndipo niliponyoosha mkono kwenye semina, na waliotoka PCM na EGM, michepuo yenye hesabu, wamejaa nyuma yangu. Moyo ulinienda mbio. Mkufunzi msaidizi hakunicheka. Aliandika zile tofauti tano ubaoni, akaiziba ya mwisho kwa kiganja, akaniuliza: "Chini ya mkono wangu kuna nini?" Nikajumlisha nne zilizobaki: -5. Na kwa kuwa tofauti na wastani lazima zijumlishike kuwa sifuri, iliyofichwa haina budi kuwa 5. Ukishazijua nne, ya tano haina uhuru tena, na ndiyo maana tunagawa kwa 4. Tangu siku hiyo sijapata haja ya kuikariri kanuni ile.

Kwa hiyo fanya kwa mkono kwanza, kwa namba chache, kabla hujagusa SPSS, programu ya kompyuta ya kukokotoa takwimu. Kompyuta itakupa jibu hata ukiwa huelewi chochote, na hilo ndilo baya lake. Madesa ya mwaka jana yatumie kujipima baada ya kusoma. Kuanza nayo kunakunyima kile ulichobakia kozi kukipata.

Tafuta pia mtu mmoja wa EGM wa kujisomea naye. Mmoja tu, maana wakiwa wengi wataongea wenyewe kwa wenyewe. Na usiende mikono mitupu: wengi wao wanakokotoa vizuri lakini wakifika kwenye "fafanua matokeo" kalamu inasimama. Hapo wewe ndiye mwenyeji. Yule wangu alinifundisha kusoma jedwali la t, linalotumika kupima kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ya bahati tu, mimi nikamfundisha kuandika aya inayosema jedwali lina maana gani kwa watu waliohojiwa.

Kilichonipunguzia woga zaidi ni kujua kanuni hizi zilizaliwa kwenye shida za kazi za kawaida. Jaribio la t lilitoka kwa William Gosset, aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Alihitaji kufanya uamuzi kwa kutumia sampuli ndogo, na mwaka 1908 akachapisha njia yake kwa jina la "Student", kwa sababu mwajiri hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao.

Na faida yake utaiona kwenye fani yako mwenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na wastani wa kaya ukawa watu 4.3. Zamani ningeinukuu 4.3 nikaendelea na insha. Sasa nauliza ile kaya ya watu kumi iko wapi, nani anailisha, na mpango uliopangwa kwa wastani utaifikiaje. Hilo ni swali la sosholojia kabisa, na nimelipata kwenye kozi niliyotamani kuihama.

Anza na zile kaya tano, kwa kalamu na karatasi. Ukikwama, andika namba ya mstari uliokukwamisha, kisha mpelekee mhadhiri ofisini saa alizotenga kwa wanafunzi. Usimwambie "sielewi takwimu", maana hilo hawezi kukusaidia. Mwonyeshe mstari.