Ukiombwa uwakala kwenye uchaguzi mdogo, ulizia fomu kabla ya posho

Mtoto wa dada yangu kasikia kwamba wakala wa chama siku ya kura analipwa. Akanipigia: "Shikamoo mamdogo, ile kazi uliyowahi kuifanya ngumu?" Nikacheka. Ngumu hapana, ila mimi niliiharibu, na niliiharibu dakika za mwisho kabisa.

Ilikuwa Kinondoni, Jumamosi ya tarehe 17 Februari 2018. Chama gani, hiyo niachieni mwenyewe. Mnakumbuka jimbo lilivyobaki wazi: Maulid Mtulia, aliyeingia bungeni 2015 kwa tiketi ya CUF, alijiuzulu Desemba 2017 akahamia CCM. Katiba yetu inasema ukiacha chama kilichokupeleka, ubunge nao unauacha. Basi tukarudishwa vituoni, na Mtulia huyohuyo akiwa mgombea, safari hii wa CCM. Wiki ile napita Mwananyamala kuomba kura, mama mmoja wa vitumbua akaniuliza bila kuinua macho kwenye chuma chake, "Mwanangu, kwani si tulishapiga?" Sikuwa na la kumjibu.

Wazee wa Temeke wakikusimulia 1996, Augustine Mrema alipolichukua jimbo lao kwa uchaguzi mdogo akiwa NCCR-Mageuzi, utadhani wanasimulia mechi ya Simba na Yanga. Usiende na picha hiyo kichwani. Kituo changu kilifunguliwa saa 1:00 asubuhi, na kufika saa 5 tulikuwa tunahesabu mijusi ukutani. Anaingia mtu mmoja, anatafutwa kwenye daftari, anapaka wino, anatoka. Kisha nusu saa nzima kimya. Uchovu wa uchaguzi mdogo ni wa kukaa, na ndio unaomfanya wakala atoke "kidogo tu" kutafuta chai. Beba maji, beba chakula, beba kalamu mbili. Ukiahidiwa kwamba chama kitaleta wali saa 7, beba chakula vilevile.

Lakini hapo nimeruka. Kabla ya kukaa kituoni kuna barua ya utambulisho na kiapo cha kutunza siri, na bila hizo hata ukiwa umevaa suti utasimama nje. Hakikisha jina kwenye barua linafanana na la kitambulisho chako, na kituo kilichoandikwa ndicho unachokwenda. Usikubali kuambiwa "barua utaikuta hukohuko". Sisi Kinondoni tunajua uzito wa karatasi hizo. Siku moja kabla ya kura, watu waliokuwa wakiandamana kwenda kudai barua za mawakala wao walitawanywa na polisi, na risasi ikamuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, binti wa watu, aliyekuwa amekaa zake ndani ya daladala. Usiku ule mama yangu alinikataza kwenda. Nilikwenda, lakini daladala sikupanda, nilitembea kwa miguu.

Asubuhi fika mapema uone sanduku likiwa tupu kabla halijafungwa, na uandike namba za lakiri. Mchana kazi ni kusikiliza majina. Alikuja baba mmoja na kadi yake safi kabisa, kumbe alijiandikisha Mbagala kabla hajahamia kwetu. Akarudishwa, akatukana, akaondoka. Hapo wakala huna la kutetea. Mtu hupiga kura pale jina lake lilipo.

Saa 10 jioni kituo kinafungwa, ila aliyekwisha kupanga foleni anapiga. Na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Kura zinamwagwa mezani, zinafunuliwa moja moja, zilizoharibika zinawekwa pembeni. Mimi nilisimama karibu, nikahesabu vizuri, nikaandika tarakimu zote nyuma ya pakiti ya biskuti. Nikaweka saini kwenye fomu ya matokeo, ile 21B ya ubunge. Bodaboda wa chama akapiga honi nje, njaa inauma, nikatoka mbio. Nakala yangu nikaiacha mezani.

Usiku kiongozi wetu wa kata akanyoosha mkono: "Fomu?" Nikampa pakiti ya biskuti. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia.

Nakala ile ni haki ya wakala, na ndiyo inayomwezesha mgombea kulinganisha matokeo ya kituo na yale yanayojumlishwa jimboni. Akitaka kwenda Mahakama Kuu kupinga, pakiti ya biskuti haimsaidii. Tarakimu zisipokuridhisha, omba pingamizi lako liandikwe, usigome ukaondoka. Nakala ikunjwe iingie ndani ya nguo, siyo kwenye mkoba. Boda za usiku mnazijua.

Posho? Niliifuatilia wiki mbili, nikapewa nusu. Mwambieni kiwango na siku ya kulipwa viandikwe kabla hajaapa.