Nichukue rekodi ya nani ya kwateti za Shostakovich? Jibu langu, refu kidogo

Mkuu, swali lako mimi lilinila hela mara tatu kabla sijapata jibu, kwa hiyo vumilia. Umesema umesikia kwateti ya 8 ya mtunzi Mrusi Shostakovich kwenye simu ya rafiki yako (kwateti ni muziki wa fidla mbili, viola na selo, na kundi la wanne wanaoupiga nalo huitwa hivyo), imekukaa kichwani wiki nzima, sasa unataka uchukue zote 15 kwa mkupuo na hujui ununue za kundi gani. Halafu mwishoni ukauliza kama santuri zina faida yoyote. La santuri nitalifikia.

Boksi langu la kwanza la CD nililinunua mtandaoni nikiwa Dresden, Ujerumani, kwa masomo. Muuzaji kaandika "zote". Kundi ni Borodin, jina ambalo kila mjuaji alikuwa analitaja, na bei ya kutupa. Nikabonyeza. Mzigo umefika, nimekaa sakafuni, nasikiliza moja baada ya nyingine siku nne mfululizo, nafika ya 13, inaisha, natafuta ya 14, haimo. Nikapekua hadi kijitabu cha ndani nikidhani nimepunjwa CD. Kumbe Borodin walirekodi kwateti hizi zaidi ya mara moja. Safari ya kwanza waliishia ya 13 kwa sababu ya 14 na ya 15 hata hazijaandikwa: ya 14 ni ya 1973 na ya 15 ni ya 1974, mwaka mmoja kabla mzee mwenyewe hajafariki. Safari ya pili, kati ya 1978 na 1983, ndiyo wakarekodi zote 15. Hapo katikati mpiga fidla wa kwanza, Rostislav Dubinsky, alishahamia Magharibi, na kiti chake akakalia Mikhail Kopelman. Jina ni lilelile ila mkono umebadilika, na kwenye kwateti mkono wa fidla ya kwanza si jambo dogo. Ukiona "Borodin" popote, uliza Borodin ya nani, Dubinsky au Kopelman.

Hata hivyo sikulirudisha boksi, na sijutii. Dubinsky ana sauti nyembamba yenye makali, kama mtu anayesema kwa meno yaliyobana. Kopelman ni mnene, mtamu, anaimba. Leo nikitaka kusononeka namweka Kopelman, nikitaka kukasirika namweka Dubinsky.

Sasa utachaguaje wewe mwenyewe? Usikubali maneno ya mtu, hata yangu. Chukua sehemu moja fupi, isikilize kwa makundi manne au matano, sikio litakuambia. Kwa ya 8, watu wengi hulinganisha sehemu ya pili, ile ya vurugu inayokimbia. Mimi naona ni kosa. Kila kundi lenye mazoezi linaweza kukimbia na kupiga kwa nguvu, na kwa muziki wa namna hiyo tofauti utakayoisikia ni nani kaweka maikrofoni karibu zaidi. Nenda pale sehemu ya tatu inapoingia ya nne. Fidla ya kwanza inabaki peke yake imeshika noti moja, nyembamba, haitaki kuisha. Ghafla wale watatu wengine wanapiga: ngo! ngo! ngo! Kimya, fidla bado imeshika ileile. Halafu tena. Wengine husema huo ni mlango unaogongwa usiku, wengine ndege za mabomu. Amua mwenyewe. Wewe sikiliza ile noti iliyoshikwa. Je, mpigaji anaitetemesha kidole kwenye uzi ili ipendeze, au anaiacha kavu? Ikitetemeshwa sana inakuwa wimbo wa huzuni wa kawaida. Ikiachwa kavu, unajikuta umeshika pumzi. Hapo ndipo makundi yanapoachana njia.

Jambo la kiufundi ambalo hakuna aliyeniambia: sehemu zote tano za kwateti hii zinaungana bila kusimama. Simu yangu ya zamani ilikuwa inakata sekunde moja hivi kati ya faili na faili. Maana yake ile noti inakatika katikati, kimya, kisha inaanza upya kama vile mtu kakohoa. Miezi mingi nilidhani ndivyo ilivyoandikwa! Kabla hujalaumu kundi lolote, ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki, uzime pengo kati ya nyimbo na kile kitu cha kufifisha mwisho wa wimbo. Na kama unatumia bando la kubana, pakua kabisa ukiwa kwenye waifai, kwa ubora wa juu. Muziki huu una kunong'ona kwingi, na kunong'ona ndiko kunakoharibika kwanza.

Kwa mliopita kwaya mkasoma solfa, kuna raha ya ziada. Ile tuni ya noti nne inayoanza nayo ya 8, selo ikiwa peke yake chini kabisa, ni ti, do, la, se. Mimi ni besi wa zamani wa kwaya, niliitambua nikiwa naosha vyombo. Kwa herufi za noti za Kijerumani inasomeka D, Es, C, H, na Es hutamkwa kama S, yaani mwanzo wa jina lake likiandikwa Kijerumani, D. Sch. Kajiandika mwenyewe, tena karibu kila ukurasa. Aliiandika kwa siku tatu tu, tarehe 12 hadi 14 Julai 1960, huko Gohrisch, kijiji cha milimani karibu na Dresden, alikopelekwa akaandike muziki wa filamu kuhusu mji huo ulivyopigwa mabomu. Nilikwenda Jumamosi moja: treni ya kufuata mto Elbe hadi Königstein, halafu kupanda kwa miguu. Misitu, majabali ya mchanga, utulivu wa kutisha. Juu ya karatasi kwateti imetolewa kwa wahanga wa ufashisti na vita. Kwa rafiki yake Isaak Glikman aliandika mengine: kwamba akifa hakuna atakayemtungia kitu cha kumkumbuka, bora ajitungie, na kwamba wakati anaiandika machozi yalimtoka kama mkojo baada ya bia nusu dazeni. Ukiyajua hayo, rekodi inayoipiga kama hotuba ya serikali utaikimbia.

Ila tatizo la ya 8 ni hili: inawaficha wapigaji. Muziki wenyewe una nguvu mno, hata kundi la wastani litakuliza. Ukichagua boksi zima kwa kuisikiliza ya 8 peke yake, utajuta ukifika ya 11 kuendelea. Kwa hiyo jaribio langu la pili ni ya 15. Sehemu sita, zote za mwendo wa pole, hakuna hata moja ya kukimbilia. Sehemu ya kwanza inaanza na fidla ya pili peke yake, halafu wengine wanaingia mmoja mmoja kama watu wanaofika msibani. Inasimuliwa kwamba mzee aliwaagiza wapigaji waipige hivi kwamba nzi wadondoke wamekufa hewani na wasikilizaji waanze kuondoka kwa kuchoka. Kisha sehemu ya pili: noti moja inaanza kutoka kwenye kimya kabisa, inavimba mpaka inakuwa yowe, inakatwa. Mwingine anaipokea, naye vivyo hivyo, mara 12. Usiku, taa zimezimwa, hedifoni masikioni. Kundi bovu linaanza noti ikiwa tayari nusu kubwa, halina pa kwenda. Kundi zuri hujui noti imeanza lini.

Sasa makundi.

Wenye muziki wenyewe ni Kwateti ya Beethoven ya Moscow (jina tu, si mtunzi). Kwateti za 2 hadi 14 walizipiga wao kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na za 11 hadi 14 Shostakovich ametoa kila moja kwa mmoja wao. Ya 15 ikawapita kwa sababu mpiga selo wao, Sergei Shirinsky, alifariki wakati wa maandalizi, na Kwateti ya Taneyev ndio wakaipiga kwa mara ya kwanza, Leningrad. Rekodi zao nyingi ni za kizamani, sauti ni kama inatoka chumba cha jirani. Usianze nazo. Lakini ukishazoea, zitafute, utasikia watu wanaocheza bila kujua kwamba muziki huu ni maarufu.

Fitzwilliam ni Waingereza waliokuwa vijana kabisa. Walimwandikia Shostakovich barua, na mwaka 1972 akaja mwenyewe mpaka York kuwasikiliza wakipiga ya 13. Katikati ya miaka ya 1970 wakarekodi zote. Hawana misuli ya Warusi, na kuna mahali utasikia vidole vinahangaika. Lakini kwenye zile za mwishoni wana heshima fulani, hawamwagi hisia. Kwenye ya 13, ambapo wapigaji wanagonga mbao za vyombo vyao kwa upinde, wao wanagonga kama mtu anayeulizia kama kuna mtu ndani. Ndiyo rekodi ninayoirudia zaidi ya nyingine zote.

Emerson, Wamarekani, walirekodi mbele ya hadhira huko Aspen miaka ya 1990, wakapata tuzo ya Grammy. Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Ni wasafi kupita kiasi, kila noti imepigwa pasi. Za katikati, zile zenye hasira na kasi, hakuna anayewafikia. Ya 15 kwao mimi nasikia watu wanne hodari wanaofanya kazi ngumu vizuri sana, basi. Kama unapenda usafi, chukua, hutalaumu.

Pacifica ni chaguo zuri kwa mtu anayetaka sauti ya kisasa. Wao wamechanganya na kwateti za watunzi wengine wa Kisovieti: Myaskovsky, Prokofiev, Weinberg, Schnittke. Hiyo ya Weinberg peke yake inalipa gharama. Mandelring wa Ujerumani, ambao watatu kati yao ni ndugu wa familia moja, wana mlingano mzuri na sauti iliyorekodiwa kwa uangalifu mkubwa. Nawapenda kwa za mwanzo, ya 1 hadi ya 6.

Kwa hiyo fanya hivi. Anza na ya 7, si ya 8. Ni dakika 12 hivi, aliitoa kwa kumbukumbu ya mkewe Nina aliyefariki 1954, na ndani yake karibu kila kitu anachokifanya mzee huyu kimo kwa ufupi. Isikilize kwa Borodin wa Kopelman, kwa Fitzwilliam na kwa Emerson. Utakayemtaka tena bila kulazimishwa, nunua boksi lake. Mimi ningebahatisha utachukua Borodin wa Kopelman, wengi ndiko wanakoangukia, na si pabaya. Hesabu tu kwamba zimo 15.

Santuri usihangaike nazo kwa muziki huu, labda kama unapenda majalada. Ninayo moja ya ya 15, nimeipata sokoni kwa bei ya chapati mbili. Pale fidla ya pili inapoanza peke yake, mikwaruzo ya sindano inasikika kuliko fidla, na sehemu zenyewe zinaungana bila kupumua, lakini katikati ya msiba inabidi uinuke ukageuze upande.