Unataka kiwanda? Anza na mita ya maji

Wiki hii jamani tumepita! Supamaketi moja ya Kampala walituma mtu wao akague kakiwanda kangu ka juisi hapa Jinja, na kitu cha kwanza kuuliza haikuwa matunda wala lebo, aliuliza maji: unayatoa wapi, unatumia kiasi gani, unayamwaga wapi. Nikamfungulia daftari langu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka chai ikapoa. Sasa kuna kaka wa Mbale, naye anatengeneza juisi, kaniandikia inbox anauliza hayo mambo nimeyajulia wapi, na kisima je, manake anataka siku moja awe na kiwanda kikubwa kweli (nani hataki?), basi namjibu hapa tusome wote.

Nimeyajulia kwenye bia. Mi hata sinywi, dini hainiruhusu, lakini nimewahi kufanya kazi kiwanda cha bia, jina silitaji, upande wa maji taka, kule ambako wageni hawapelekwi kupiga picha.

Watu wanadhani maji ya bia ni yale yaliyo ndani ya chupa. Wapi! Kuna ya kuosha matangi, ya kuosha chupa zinazorudi, ya boila, ya kupoozea, ya sakafu. SABMiller, kampuni kubwa ya bia, hao ndo walikuwa na Nile Breweries pale Njeru kabla wenzao wa bia AB InBev hawajawanunua 2016, mwaka 2008 kwenye viwanda vyao walikuwa wanatumia lita 4.6 kupata lita moja ya bia, wakajiwekea lengo la kushuka mpaka 3.5 ifikapo 2015. Tofauti hiyo haipatikani kwa hotuba, inapatikana kwenye mabomba.

Nikupe mfano. Mashine ya kuosha chupa inapitisha chupa kwenye kostiki ya moto (dawa kali ya kuoshea), alafu zinasuuzwa, na suuzo la mwisho ni maji safi kabisa. Laini ya chupa ikisimama, labda lebo imenasa huko mbele, chupa zinasimama ila nozeli zinaendelea kupiga maji shwaa juu ya chupa zilezile ambazo zishatakata. Mi niligundua zamu ya usiku, manake tangi langu la maji taka lilikuwa linajaa haraka wakati bia inayotoka ni kidogo, hesabu ikawa haikubali. Nikafuata bomba mpaka nikafika pale. Nikaandika saa na namba ya mita, saa na namba ya mita, karatasi nzima, nikampelekea bosi: tuweke valvu inayojifunga laini ikisimama. Akasema ataangalia. Valvu ikaja kuwekwa, na siku ya mkutano naona namba zangu kwenye skrini na jina la mtu mwingine chini yake. Yeye kapandishwa cheo, mi nikapewa fulana. Ninayo mpaka leo, nafutia pikipiki.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: pima. Usipopima hata ukiibiwa hujui umeibiwa nini.

Wa pili, toa macho nje ya geti, na hapa ndo wakubwa wametuacha mbali. Mwaka 2009 hao SABMiller pamoja na WWF, shirika la kutunza mazingira, walipiga hesabu ya maji yote kuanzia shambani, wakakuta lita moja ya bia Afrika Kusini imekula lita 155, na Czech lita 45. Karibu yote ni ya mazao, sio ya kiwandani, manake kule Afrika Kusini mashamba yanategemea sana kumwagilia. Sasa angalia kwetu: shayiri ya Kapchorwa, mtama wa Teso na Lango, wanangoja mvua ya Mungu. Mvua ikikataa, kiwanda kinaweza kuwa na Nile nzima mlangoni na bado kikakosa cha kupika. Na huko Mbarara ambako Nile Breweries wana kiwanda kingine, mto ni Rwizi, unanyweshea ng'ombe, unalisha mji, huku vinamasi vyake watu wanavikausha na wengine wanachimba mchanga. Ndo maana makampuni yanajikuta yanahangaika na mafunjo ya vinamasi vya watu wengine, sio huruma peke yake, ni biashara.

Na wenyeji wasipokutaka je? Mexicali, Meksiko, Constellation Brands walishajenga kiwanda cha bia zaidi ya nusu, mradi wa zaidi ya dola bilioni moja, watu wakalalamika maji yao yanaenda, mwezi wa tatu 2020 ikapigwa kura, waliojitokeza wengi wakakataa na serikali ikawanyima kibali. Hela ile yote! Alafu mwaka huohuo huku kwetu shida ikawa maji mengi, Mei 2020 Ziwa Victoria likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964, wenye biashara kando ya ziwa wanajua walivyohama. Ukiwa na plani ya ukame tu huna plani.

Mi baada ya kuyaona hayo nilianza kwenda kuona mashamba ya wakulima wangu wa pasheni, sisubiri gunia mlangoni. Mmoja nilimkuta kalima mpaka ndani ya kinamasi, nikamwambia mzee wangu, rudi nyuma kidogo ama sinunui. Alinuna. Sasa hivi mafunjo yamerudi na yeye ndo ananipigia simu kunitangazia. Vijana mnapenda mashine za kung'aa, mnapenda lebo, hakuna anayetaka kukaa na mita, pimeni jamani, pimeni!

Kuhusu kisima ulichouliza, kaka: ukitaka kufunga pampu ya mota, kibali kinatoka Wizara ya Maji na Mazingira, na cha kumwaga maji taka ni kingine, usichimbe kwanza ukaomba baadaye. Ila kabla hujatoa hela hiyo yote nunua mita ndogo uifunge kwenye bomba la kuoshea peke yake, tofauti na ile ya National Water, shirika la maji la taifa, alafu niandikie imesoma ngapi usiku mkiwa mmefunga.