Printa Inasema Oflaini Kila Umeme Ukirudi

SWALI: Fundi, mwangaluka! Nina kasteshenari kangu hapa Nyegezi, chumba cha mbele ndo duka, nyuma tunaishi. Nilinunua printa yenye waifai nikasema sasa nimepona, watoto wataprinti kazi zao za shule wakiwa sebuleni, mpangaji wangu mwanachuo ataprinti proposo yake kutoka chumbani kwake, habari za kuniletea flashi zenye virusi ziishe. Wiki mbili ilipiga kazi vizuri kabisa. Juzi luku ikaisha usiku, asubuhi nimeweka umeme, laptopu inaniambia printa ipo oflaini na printa yenyewe naiona hii hapa inawaka taa ya kijani! Nikaiunga upya ikakubali, umeme ukakatika tena, oflaini tena. Sasa hivi kwenye laptopu nina printa nne za jina moja na dukani ninayo moja. Jirani anasema bando ndo limeisha, niweke. Ni kweli?
Mama wa steshenari, Nyegezi

JIBU: Mwangaluka mayu. Hela ya bando itunze kwanza. Laptopu na printa zikiwa nyumba moja zinaongea zenyewe kwa zenyewe kupitia rauta, karatasi yako haitoki Nyegezi kwenda ughaibuni ndo irudi. Hata bando likiwa sifuri, rauta ikiwa imewaka tu kazi inaprintika. Zipo printa chache za siku hizi ambazo kampuni inazitaka ziwe na intaneti muda wote, hizo ukinunua unaandikiwa kwenye boksi, ila nyingi hazina hiyo shida.

Shida yako ni namba. Kila kifaa kikiingia kwenye waifai rauta inakipa namba, kitu kama 192.168.1.5, inaitwa namba ya IP, na hiyo namba ni ya kukodisha tu. Chukulia ni gesti. Printa yako ilipofika mara ya kwanza ilipewa chumba namba 5, laptopu nayo ikaandika kwenye kidaftari chake kwamba printa analala namba 5. Umeme ukakatika, wageni wote nje. Uliporudi, rauta nyingi hazikumbuki nani alilala wapi, simu ya mtoto ikawahi ikachukua 5, printa ikachelewa maana ikiwaka inajikohoza weee mpaka imalize kusafisha hedi, kile kichwa kinachomwaga wino, ndo itafute waifai, ikakuta iliyobaki ni 9. Laptopu yeye bado anagonga namba 5, anayefungua ni simu ya mtoto, na simu ya mtoto haijui karatasi wala wino. Ndo unaandikiwa oflaini. Na zile printa nne ni kila ulipounga upya, laptopu ikaandika mgeni mpya na wale wa zamani haikuwafuta, angalia vizuri utaona zingine zimeandikwa Copy 1, Copy 2. Aliye hai ni mmoja, au hayupo hata mmoja.

Dawa ni kuiwekea printa chumba cha kudumu. Ingia kwenye menyu ya mtandao ya printa uiambie iprinti ripoti ya mtandao, kama haina skrini basi kuna kitufe cha kushikilia sekunde kadhaa, kijitabu chake kinaonyesha kipi (kijitabu unacho, kipo kwenye boksi juu ya kabati, najua). Kwenye hiyo karatasi tafuta vitu viwili: namba ya IP inayotumia leo, na MAC, ambayo ni herufi na tarakimu 12 zimegawanywa mbilimbili. MAC ni kama namba ya chesisi ya gari, umeme ukatike mara mia haibadiliki. Sasa pindua rauta uangalie stika ya chini, pana anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, iandike kwenye brauza pale juu unapoandikaga anwani ya tovuti, weka jina na nywila iliyopo kwenye stika. Ukiingia tafuta neno DHCP, ndo ugawaji wa hizo namba za vyumba, ndani yake kuna sehemu ya kuhifadhi anwani, jaza ile MAC ya printa na namba unayotaka iwe yake milele, sevu, kisha zima printa uiwashe. Na kwa vile umeshafika humo ndani, kama nywila ya rauta bado ni admin naomba ubadilishe, mwanachuo wako akiboreka siku moja atakufungia waifai yako mwenyewe.

Rudi kwenye laptopu. Futa zote nne, usione huruma. Halafu wakati wa kuongeza upya usikubali ile inayojitokeza yenyewe kwenye listi, maana Windows ikiikamata yenyewe mara nyingi inaiunga kwa njia inayoitwa WSD, na hiyo nimeiona inapotea hewani hata namba ikiwa haijahama. Chagua kuongeza kwa mkono, bonyeza TCP/IP, andika ile namba uliyoihifadhi. Kazi ya dakika kumi, kumi na tano kama watoto wamekuzunguka.

Simu hazina mambo mengi. Iphone zina AirPrint tangu 2010, na Android za miaka hii zinakuja na huduma ya kuprinti ndani, ukifungua PDF ukabonyeza vile vidoti vitatu utaona pa kuprinti. Ikikataa kuiona printa, cheki simu isiwe kwenye ile waifai ya wageni, rauta inawatenga wageni makusudi wasione vifaa vya wenyeji. Kwako wewe hiyo ni nzuri sana kwa kweli, wateja wanaosubiri dukani wape waifai ya wageni, wataperuzi wakichoka ila printa hawataigusa. Na wakati wa kuunga printa kumbuka nyingi za bei yetu zinakamata waifai ya gigahezi 2.4 tu, ukiilazimisha kwenye 5 haitaona kitu.

Halafu kuna jambo hujaniuliza ila linanisumbua. Kama hiyo waifai yako ni kile kimifai cha kubeba, siku ukipanda daladala kwenda mjini na mifai mkobani, mayu, umeondoka na mtandao wa nyumba nzima, huku nyuma watu watalalamika printa mbovu. Tafuta rauta yoyote kuukuu, hata isiyo na laini wala bando, ikae dukani imechomekwa tu, kazi yake iwe kuunganisha vifaa vya ndani basi.

Na printa ya wino usiizime kwa kuchomoa ukutani. Zima kwa kitufe chake, usikie hedi inarudi kulala pembeni kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hedi inabaki wazi na wino unakauka kwenye vitundu, kwa hiyo ukirudi iwashe hata kama huna kazi, ikajifunike.

SWALI: Mkuu, mimi printa yangu ni ya zamani haina waifai, imechomekwa kwa USB kwenye deskitopu. Nimeisheya ila laptopu ya wife inagoma, inaleta kosa 0x0000011b. Fundi wa mtaani anataka apige Windows upya.
Igoma

JIBU: Mkuu, mwambie aache kwanza. Mwaka 2021 uligundulika upenyo mbaya kwenye mfumo wa kuprinti wa Windows, watu wakaubatiza PrintNightmare, Microsoft wakaanza kuziba, na kiraka cha Septemba mwaka ule ndo kilileta hiyo 11b kwa watu wengi waliosheya printa kama wewe. Cha kwanza apdeti mashine zote mbili, maana mara nyingi moja ina kiraka na nyingine haina. Ikigoma bado, kwenye laptopu ya shemeji unda poti mpya ya aina ya Local Port, jina lake andika mikwaju miwili ya kulalia nyuma, jina la deskitopu, mkwaju mmoja, jina la printa ulivyoisheya, halafu chagua draiva, ile programu inayoendesha printa, mwenyewe. Mitandaoni utaona watu wanakwambia uzime ulinzi kwenye rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, inafanya kazi lakini umefungua ule mlango uliozibwa, mimi siifanyi.

Angalia pia kwenye mipangilio ya Windows mtandao umeandikwa Private, siyo Public. Na deskitopu lazima iwe macho, ikilala na printa imelala nayo.

SWALI: Nipo Nansio, printa ipo kwa mdogo wangu Kirumba. Naweza kuprinti kutoka huku?
Ukerewe

JIBU: Hapo ndo intaneti inahitajika, pande zote mbili. Zamani kulikuwa na Google Cloud Print, walifunga 31 Desemba 2020, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayoitaja achana nayo. Siku hizi baadhi ya kampuni za printa zinaipa printa barua pepe yake yenyewe, unaambatanisha faili unatuma, linatoka kule. Angalia kama modeli yenu inayo, na ruhusu anwani yako tu isije ikaprinti matangazo ya watu. Ila mpigie mdogo wako kabla, aweke karatasi.