Hiyo cheni ya zamani usiifunge kwenye sproketi mpya

Mkuu, weka spana chini kwanza. Umesema sproketi zako, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, ni meno 14 mbele na 42 nyuma, unataka kupiga 16 mbele pikipiki ikimbie na inywe kidogo, unauliza na kampuni gani nzuri. Halafu unamalizia kwamba cheni utaiacha ileile, eti fundi kasema bado ina maisha. Hapo kwenye cheni ndipo nilipolizwa mimi.

Mbio tuzimalize haraka. 42 kwa 14 ni 3. 42 kwa 16 ni 2.6 na ushee, yaani kwenye gia ileile nguvu ya tairi la nyuma inapungua kama sehemu moja ya nane. Na wewe unapandisha viazi Mombo kwenda Lushoto! Utashinda gia ya kwanza na ya pili, klachi inanuka. Ukiona lazima, ongeza jino moja tu.

Sasa cheni. Pini na buchi zake (vibomba vinavyozunguka pini) zikilika, cheni nzima inarefuka. Ukiivalisha sproketi mpya haikai kwenye mabonde ya meno, inapanda juu yake. Yangu ilianza kugonga ka-ka-ka kila nikivuta moto. Nikarudi kwa fundi, akakaza kidogo, akaniambia "itazoeana tu." Itazoeana! Kwani ni maharusi hao? Ikaja kuruka meno nikiwa mlimani na mzigo, ikajikunja kwenye sproketi ndogo, ikakatika na kutoboa ubavu wa injini. Oili yote chini. Injini ikashushwa nzima, na bosi mwenye pikipiki hesabu yake ya kila siku hakusamehe hata ya siku moja. Fundi alipoliona tundu akasema kosa langu, nabeba uzito. Sasa bodaboda nibebe nini, manyoya? Mnaocheka huko nyuma chekeni, ila pesa niliyookoa kwenye cheni haikutosha hata ujira wa kufungua injini.

Sproketi mbili na cheni: seti moja, siku moja. Duka likisema mbele ipo nyuma haipo, rudi nyumbani ukalale.

Huniamini, chukua rula. Kama cheni yako ni saizi 428, ivute inyooke, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Mpya inasoma milimita 254. Ikifika 259, hiyo ni ya kufungia geti. Huna rula, ishike kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiachia hadi ukaona nusu ya jino, usijadiliane na mtu, hata awe na gereji yenye bango.

Na siku ya kufunga seti usiende kunywa chai. Simama hapohapo uangalie klipu ya kiungo cha cheni: upande usio na mwanya ndio uelekee kule cheni inakokwenda. Fundi wangu hata hiyo aliigeuza.